Chupa Chini ya Kitanda

Mwanangu, ukisikia watu wakisema korona ilikuwa ugonjwa wa mapafu, usiwabishie, maana hawakukosea, ila hawakumaliza. Mimi nimestaafu uuguzi, ninakaa hapa Rukoki, mwendo mfupi kutoka makao makuu ya wilaya ya Kasese, na nikitoka nje asubuhi naona mlima upande mmoja na bonde la kuelekea Ziwa George upande wa pili. Nilichokiona wodini mwezi wa Juni 2021 nilikuwa nimeshakiona nikiwa mtoto wa miaka 13, kwa mjomba wangu, mtu aliyenifundisha kushika jembe. Kati ya kifo cha mjomba na kile cha wodini imepita miaka 55. Kimoja kililetwa na ukuta, kingine kikaletwa na kirusi, lakini njia waliyopita wale wawili kwenda kaburini ni moja, na ndiyo maana lazima nianzie mbali.

Mwaka 1966 nilikuwa Bwamba, ng'ambo ya pili ya Rwenzori. Baba alikuwa mchimba shaba Kilembe, watoto tulikuwa saba katika chumba kimoja cha kambi, na mama akaona heri mmoja apelekwe kwa kaka yake apate nafasi ya kunyoosha miguu. Mjomba alilima kahawa. Kwa fedha za mavuno mawili alijenga nyumba ya tofali za udongo yenye kuta nene, wakati majirani wote walikuwa bado kwenye nyumba za fito, na watu walikuwa wakija Jumapili kuitazama tu. Harufu ya mle ndani sijaisahau: kahawa iliyoanikwa ikakauka, moshi wa kuni, na tumbaku yake aliyokuwa akinituma dukani niinunue kwa senti 10, ile sarafu yenye tundu katikati ambayo watoto tulipenda kuitunga kwenye uzi. Jioni redio ya jirani ilisema habari za Waziri Mkuu Obote kusimamisha katiba mwezi wa pili, na wakubwa walishusha sauti tulipopita. Juu milimani watu wa Rwenzururu walikuwa wamejitenga, na mgeni yeyote alitazamwa mara mbili kabla ya kukaribishwa maji.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Machi, kabla ya alfajiri, ardhi ilinguruma kama lori linalopanda mlima likiwa limejaa mawe. Mimi nililala jikoni, kwenye kibanda cha fito nyuma ya nyumba, na kile kibanda kiliyumba tu kikasimama tena. Ile nyumba ya tofali ilianguka. Watu zaidi ya 100 walikufa usiku ule upande wetu na upande wa Kongo, lakini mjomba hakuwa miongoni mwao. Ukuta ulikuwa umemlalia miguuni mpaka mapajani, kifua na kichwa viko wazi, na alikuwa akizungumza nasi. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono kwa kuogopa kumkata, mpaka jua likawa utosini. Alipotolewa alikaa mwenyewe. Vidole vya miguu vilicheza, hakuna mfupa uliotokeza, damu ilikuwa kidogo tu. Alikunywa uji, akaniuliza tumbaku yake iko wapi. Wanawake walipiga vigelegele, na mkewe, niliyemwita shangazi, akachinja kuku mwekundu tuliyekuwa tunamtunza kwa ajili ya Pasaka.

Kesho yake alikojoa kwenye kata, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuimwaga. Mwanangu, ilikuwa rangi ya kahawa iliyochemshwa mara mbili. Nilidhani kuna mtu amemimina kahawa humo. Siku ya tatu ilitoka tone tu, na siku ya nne hakutoa kitu. Uso wake ukaanza kujaa, macho yakawa kama ya mtu aliyelia usiku kucha, kwikwi ikamshika asubuhi isimwache hata usingizini. Pumzi yake ikawa na harufu ya choo cha zamani. Mimi niliyelala mkekani karibu naye niligeuzia uso ukutani, na aibu ya kule kugeuza uso ninayo mpaka leo. Siku ya sita alfajiri moyo ulisimama. Miguu yake ilikuwa imepoa kabisa, uvimbe umeshuka, hata michubuko ilianza kukauka. Wazee walitafuta maelezo, wengine wakasema amerogwa kwa wivu wa ile nyumba, na shangazi aliishi na maneno hayo mpaka akafa.

Jibu nililipata zaidi ya miaka 10 baadaye, nikiwa dresa kijana Fort Portal, wakati wa Amin. Alikuwepo sista mmoja mzee, mkunga na muuguzi, mwenye mikono iliyopasuka kwa dawa za kusafishia sakafu. Nilimsimulia habari ya mjomba tukiwa zamu ya usiku, tukipasha maji kwenye jiko la mkaa. Hakushtuka. Akaniambia kwamba mwaka 1941, mabomu ya Wajerumani yalipokuwa yakiangusha nyumba za London, daktari aitwaye Bywaters na mwenzake Beall waliandika habari za watu wa namna ile ile: wametolewa kwenye kifusi wazima, wakafa baada ya siku chache, figo zimesimama. Nyama ya mguu ikibanwa muda mrefu hufa, na ikifunguliwa hutoa sumu na rangi yake kwenye damu, na figo ndizo zinazopokea mzigo wote. Akaniambia pia kwamba katika vita vile vile, mwaka 1943, Mholanzi Willem Kolff alitengeneza mashine ya kwanza iliyofaa kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimekataa kazi. Nilipiga hesabu kichwani. Mjomba alipokufa, mashine ile ilikuwa na umri wa miaka 23.

Sista yule ndiye aliyenifundisha hesabu ya mkojo. Wakati ule hapakuwa na vifaa. Sabuni ilikuwa ya magendo, sukari tuliiona sikukuu kwa sikukuu, glavu tulizifua tukazianika kwenye kamba kama soksi. Kwa hiyo alichukua chupa ya bia, ile ya nusu lita, akaipima maji kwa bomba la sindano na kubandika vipande vya plasta ubavuni: 100, 200, 300, mpaka juu. Kila mgonjwa mahututi alikuwa na chupa yake chini ya kitanda na daftari lake mezani. Mtu mzima wa kilo 60, alisema, akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, niamshe hata kama nimelala. Akitoa chini ya 400 kwa siku nzima, usingoje daktari aulize, mkimbilie wewe. Joto la mwili hujitangaza, maumivu hujitangaza, pumzi inasikika mpaka mlangoni, lakini figo hufa kimya. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniita usiku kuniambia figo zinamuuma kwa sababu zinakufa.

Nikueleze kidogo kazi ya figo, maana wengi hudhani ni bomba tu la kutolea maji. Figo ziko mbili, kila moja yenye ukubwa wa ngumi, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Ni ndogo, lakini moyo huzipelekea sehemu moja katika tano ya damu yote inayotoka kwake. Ndani ya kila moja mna vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, kisha karibu yote huyarudisha mwilini, zikaacha lita moja au mbili ziende na taka. Umewahi kufika Katwe ukaona watu wakitunza vijaruba vyao vya chumvi, wanavyopima maji ya kuingiza na ya kuacha, na kijito cha mvua kikipasua ukingo siku moja tu kazi ya miezi inaharibika? Figo hufanya kazi ya namna hiyo kila dakika. Damu ikipungua nguvu, au ikikosa hewa, au ikijaa uchafu wa ugonjwa, ndizo huumia mapema.

Korona haikutukuta usingizini kabisa, maana Ebola ilikuwa imeshatubishia hodi. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliletwa na familia yake kutoka Kongo, akapokelewa hospitali ya Kagando na kupelekwa Bwera, akafia huko. Bibi yake na mdogo wake wakamfuata. Pale mpakani Mpondwe, ambako Jumanne na Ijumaa watu huvuka mto Lhubiriha kwa maelfu kuja sokoni, tulizoea ndoo za maji yenye Jik na kipimo cha joto kipajini mwaka mzima kabla Entebbe hawajampata mgonjwa wa kwanza wa korona, tarehe 21 Machi 2020. Kisha likaja jambo jingine ambalo watu wa mbali hawalikumbuki. Mei 2020, nchi imefungwa, mvua ikanyesha mlimani, mto Nyamwamba ukaacha njia yake na kuingia hospitali ya Kilembe. Niliyaona mawe makubwa kuliko ng'ombe yamekaa mahali palipokuwa na vitanda. Hospitali niliyozaliwa karibu yake, iliyowatibu wachimba shaba kwa miaka mingi, ikatoka katika hesabu wakati tulipoihitaji kuliko wakati wowote, na watu wa bondeni wakalala kambini, familia juu ya familia, huku tukiambiwa tusikaribiane.

Wimbi la kwanza lilitupita kwa upole. La pili, Juni 2021, halikuwa na upole. Rais Museveni alifunga shule tarehe 7, na tarehe 18 akafunga nchi kwa siku 42. Mjini Kasese tangawizi ikapanda bei mpaka wauzaji wenyewe wakaona haya kuitaja. Kilo niliyoinunua shilingi 4,000 baada ya Pasaka sasa nililipa 15,000. Ndimu zilihesabiwa moja moja. Kila ua lilinuka majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, watu wamejifunika blanketi wakijifukiza. Mimi nilikuwa nimechanjwa mara moja, ile ya AstraZeneca waliyotupa sisi wazee na wahudumu wa afya, na nilikuwa na miaka 68. Kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache na baadhi yao wagonjwa, niliomba nisaidie wodini, katika hospitali moja ya wilaya yetu ambayo sitaitaja. Binti yangu alilia. Nikamwambia mikono hii haijui kazi nyingine.

Wodi ilikuwa na vitanda 14, na siku niliyoingia wagonjwa walikuwa 19. Harufu ilikuwa ya Jik, plastiki mpya, na jasho la watu waliovaa nguo za kujikinga tangu alfajiri. Sauti kubwa ilikuwa moja: oksijeni inayopita kwenye chupa za maji, bwl-bwl-bwl, mchana na usiku, na kila ndugu mlangoni aliuliza swali moja: kidole kinasema ngapi? Kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kilikuwa kimekuwa mungu wa wodi. 88, watu wanainamisha vichwa. 93, wanatabasamu chini ya barakoa. Nilipita kitanda hadi kitanda usiku ule wa kwanza nikitafuta daftari la mkojo. Halikuwepo. Siwalaumu wale vijana. Walikuwa wanne kwa wodi nzima na mitungi ilikuwa ikiisha. Lakini nilitoka nje, nikaokota chupa za maji za nusu lita zilizotupwa na ndugu za wagonjwa, nikaziosha kwa Jik, nikazichora mistari kwa kalamu ya wino mzito. Asubuhi kila kitanda kilikuwa na chupa.

Nitakuambia habari za wagonjwa wawili tu. Mmoja alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, dereva aliyebeba chumvi ya Katwe kwa lori tangu enzi za vita vya 1979, mwenye presha na sukari kwa miaka mingi na asiyependa kumeza vidonge siku za safari. Alikuwa amelala nyumbani siku sita. Alitapika, aliharisha, hakula, na kwa kuwa mwili ulimuuma alichomwa sindano za diklofenaki asubuhi na jioni, shilingi 5,000 kila moja, akaongezewa na vidonge vya aina hiyo hiyo vya kwenda navyo. Wa pili alikuwa mama wa miaka 41, mfanyabiashara wa samaki wakavu na vitenge pale Mpondwe, mwenye kicheko kinachosikika mpaka upande wa Kongo. Naye alikuwa amepigwa sindano zile zile. Vitanda vyao vilitenganishwa na dirisha lililopasuka kioo. Shemeji alisoma 86, mama 89. Lakini chupa zao za kwanza, kwa saa 12, zilikuwa hivi: shemeji mililita 110, mama 180, zote rangi ya chai ya mkandaa.

Hapo ndipo mimi na daktari kijana tulipovutana. Alikuwa mtu mwema na msomi, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mapafu yenye korona hujaa maji, na ukimmiminia mgonjwa dripu ovyo unaweza kumzamisha kitandani. Kwa hiyo maelekezo ya wakati ule yalisisitiza mgonjwa abaki mkavu. Lakini figo zilizokosa maji, kwa mtu aliyeharisha siku sita na presha imeshuka mpaka 90 kwa 50, hukauka kama mgomba wa kiangazi. Mapafu yalitaka ukavu, figo zilitaka maji, na damu ni hiyo hiyo moja. Nilimwonyesha chupa. Nikamfinya shemeji ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Daktari alinyamaza muda mrefu, miwani yake imejaa ukungu, kisha akasema, "Sawa, mzee. Robo lita kwa nusu saa, na wewe ukae hapo hapo na kidole." Nikakaa. Robo lita, tunasikiliza mapafu, tunasoma kidole, tunapumzika. Kisha robo nyingine. Diklofenaki, ambayo huziumiza figo zilizokauka maji, tukaifuta kwenye karatasi zao kwa mistari miwili, ikabaki Panadol.

Yule mama alianza kurudi siku ya pili. Chupa ilionyesha 350, halafu 900 kwa siku nzima, na rangi ikafifia kutoka chai mpaka maji ya mchele. Damu yake tuliyopeleka kupimwa kreatinini, ile taka ambayo figo nzima huiacha karibu na 1, ilikuwa imesoma 3.8, baada ya siku tano ikawa 1.9. Nilipompelekea habari hiyo alikuwa anakula obundu, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki aliyeletewa na mwanawe, akaniuliza kama ndoo yake ya dagaa iliyoachwa mpakani imeoza. Nikajua amepona.

Shemeji alikwenda njia nyingine. Na hili, mwanangu, ndilo lililonifanya niandike. Mapafu yake yalikuwa yanapona. Siku ya nne alisoma 91, ya tano 93, ya sita 94 kwa oksijeni kidogo. Dada yangu alipiga simu Bwera na Katwe na Kampala kutangaza kwamba mume wake anapumua, na kijana wake wa kwanza akanunua kuku. Niliposikia habari ya kuku nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye ukuta, nikaona vumbi la Bwamba na shangazi akimshika miguu yule mwekundu. Maana chupa chini ya kitanda ilikuwa imesema 90, kisha 40, kisha tone la kulowesha kitako cha chupa tu. Kreatinini ilikuwa 9. Uso ulikuwa umejaa, na asubuhi ya siku ya sita kwikwi ilianza. Harufu ile ya pumzi sikuisikia safari hii. Nilikuwa nimevaa barakoa mbili na kioo cha uso. Yale niliyoyajua kwa pua nikiwa na miaka 13 nisingeyajua kamwe nikiwa mzee mwenye uzoefu wa miaka 40, kama si ile chupa ya plastiki.

Mashine zilikuwepo nchini, si kama mwaka 1966. Zilikuwa Mbarara na Kampala. Kampala ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na Mbarara si jirani. Njia zilikuwa zimefungwa, kutoka wilaya hadi wilaya ulihitaji kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, au gari la wagonjwa, na mgonjwa mwenye korona hawezi kuwekwa kwenye mashine pamoja na wengine wanaosafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki. Tulipiga simu siku nzima. Tulipopata ahadi ya nafasi, tukaambiwa familia ichangie mafuta, shilingi 400,000, na dada yangu akauza simu na cherehani. Gari lilipatikana siku ya nane saa 4 asubuhi. Saa 11 alfajiri ya siku hiyo moyo wa shemeji ulikuwa umesimama. Ndivyo inavyokuwa: figo zisipofanya kazi, potasiamu huzidi katika damu, na moyo huzimika ghafla kama taa, hata mtu awe na mapafu yaliyopona. Kidole chake cha mwisho kilisoma 94.

Tulimzika Bwera kwa watu wachache na askari mmoja. Karatasi iliandika korona, na haikusema uongo. Lakini watu kijijini waliposema mapafu yake yaliliwa, mimi niliwasimulia kilichotokea, mmoja mmoja, barazani kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeona maneno yasiyo sahihi yalivyomtesa shangazi yangu mpaka kaburini.

Baadaye, maisha yalipotulia na shule zikafunguliwa Januari 2022, nilisoma kila nilichoweza kupata. Nikaona kwamba hata New York, mjini penye kila kitu, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Madaktari wa huko walihesabu wagonjwa 5,449 wa korona waliolazwa majira ya kuchipua ya 2020: 36.6 kati ya kila 100 figo zao ziliumia, na kwa waliowekewa mashine ya kupumulia walikuwa karibu 90 katika 100. Mwezi wa Aprili mwaka ule, dunia ikililia mashine za kupumulia, madaktari wa New York walikuwa wakililia pia mashine na maji ya kusafishia damu. Sababu zao walizitaja nyingi: hewa kupungua katika damu, presha kushuka, mwili kupigana na ugonjwa mpaka ukajiumiza wenyewe, damu kuganda katika mishipa midogo, dawa, na ukavu wa mwili kwa mtu aliyehara na kutapika bila kunywa. Wenye presha na sukari walitangulia. Nilisoma hayo usiku, taa ya sola karibu na uso, nikamwona shemeji katika kila mstari.

Yapo mambo yaliyotengenezeka. Desemba 2023 madaktari wa Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, na nilipoisikia habari hiyo redioni nilifurahi kwa moyo wote. Lakini mtu wa Mpondwe au wa Katwe haokolewi na upandikizaji. Anaokolewa katika siku tatu za kwanza, nyumbani na kwenye kituo cha karibu, kwa vitu vya bei ndogo: maji ya kunywa yenye chumvi na sukari anapoharisha, Panadol badala ya sindano zile, na mtu wa kuhesabu. Nakwambia bila kumung'unya maneno: zile sindano za maumivu zinazouzwa kama karanga katika vijiduka vyetu, kwa mtu mwenye homa kali, aliyekauka maji, mwenye presha au sukari, ni hatari. Mizizi na majani ya kuchemsha ambayo hakuna ajuaye kipimo chake, nayo mtu wa hali hiyo asipewe.

Yule mama wa Mpondwe yu hai. Nilipita sokoni Ijumaa moja, akanipa samaki wawili akakataa fedha. Nikamuuliza lini alipima figo. Akacheka kile kicheko chake, akasema anajisikia mzima. Mtu ambaye figo zake ziliumia mara moja hubaki na hatari ya kuharibikiwa polepole miaka inayofuata, bila maumivu, na anapaswa kupimwa damu, mkojo na presha angalau mara moja kwa mwaka. Nilimsimamia mpaka akafunga kibanda, tukapanda boda mbili, akapimwa siku hiyo hiyo. Kreatinini ilikuwa 1.4.

Nawe, kama wewe au mtu wako alilazwa kwa oksijeni mwaka ule, hata kama sasa anapanda mlima na gunia mgongoni, mpeleke akapimwe. Na siku ukimuuguza mtu yeyote mahututi, kwa ugonjwa wowote, tafuta chupa ya nusu lita, ichore mistari, uiweke chini ya kitanda, uandike saa na kiasi. Mkojo ukipungua chini ya mililita 400 kwa siku, usimngoje daktari aje kitandani. Mfuate wewe, na daftari mkononi.